Matembezi ya Theluji katika Vilima vya Derbyshire

Watu wengi waliopata kuutazama Mlima Kenya alfajiri, kabla mawingu hayajaufunika, hudhani kwamba theluji ni kitu cha vileleni tu. Huko Uingereza, katika jimbo la Derbyshire, theluji huja yenyewe mpaka mlangoni. Na ajabu ni kwamba watu, badala ya kuketi karibu na moto, huvaa viatu vizito wakaenda kutembea ndani yake, tena kwa makundi na kwa furaha.

Wengi huanzia kijiji cha Edale. Gari la moshi liendalo kati ya Manchester na Sheffield husimama hapo, na siku ya Jumamosi katika mwezi wa Januari marafiki wanne au watano huteremka na mifuko mgongoni, huyu na chupa ya chai, huyu na ramani, huyu na dira. Njia hupita mashambani mwa watu, kando ya kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na kila lango lifunguliwalo halina budi kufungwa, maana kondoo wamo. Mkulima wa huko hana raha wakati huo. Upepo ukirundika theluji penye ukuta, kondoo hufunikwa wazima wazima, naye hutoka na mbwa na fimbo ndefu kuwatafuta. Kondoo aweza kuishi siku kadhaa chini ya theluji kwa ajili ya sufu yake. Mwanadamu hakupewa sufu hiyo.

Kilele waendacho chaitwa Kinder Scout, nacho kina futi 2,087 tu. Karani wa Nairobi aketiye kitini pake yuko juu zaidi kwa futi elfu tatu na ushei! Zamani mahali hapo palikuwa pa matajiri kuwinda ndege, na mtembezi alifukuzwa. Tarehe 24 Aprili, 1932, watu mia kadhaa walipanda kwa makusudi, na vijana watano wakafungwa gerezani kwa ajili hiyo. Mwaka 1951 nchi hiyo ikafanywa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika Uingereza.

Katika theluji marafiki hufuatana mmoja mmoja. Wa mbele ndiye apasuaye njia, naye huchoka upesi, kwa hiyo hupokezana. Mwendo ni wa yule aliye dhaifu kuliko wote. Kundi lisilokubali jambo hili si kundi, ni watu waliokutana njiani tu. Huko juu ukungu ukishuka, ardhi na mbingu huwa rangi moja, hata mtu hajui kama mguu wake utakanyaga udongo au shimo. Na mchana ni mfupi mno: mwishoni mwa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha tua.

Lakini adui mkubwa si theluji kavu, ni maji pamoja na upepo. Mwezi wa Machi, 1964, katika mashindano ya kutembea yaitwayo Four Inns, yapitayo vilima hivyo hivyo, vijana watatu wa skauti walikufa kwa baridi. Daktari Griffith Pugh, aliyekuwa pamoja na wapandaji wa Everest mwaka 1953, alichunguza jambo hilo, akaonyesha jinsi nguo zilizolowa zinavyopoteza joto upepo uvumapo. Mtu wa namna hiyo huanza kujikwaa, kisha kunung'unika, kisha maneno yake huwa ya kulevyalevya; naye akiulizwa hujibu kwamba hajambo. Hapo ndipo urafiki unapopimwa. Kilele kiko karibu, nauli imekwisha lipwa, na hapana apendaye kuwa wa kwanza kusema, "Turudi." Mara nyingi asemaye hivyo huchekwa, na asiposema mwenzake huweza kulala huko huko. Afadhali kuchekwa. Mgonjwa huvikwa nguo kavu, hukingwa upepo, hupewa kitu kitamu, wala haachwi peke yake hata kidogo.

Baada ya msiba ule wa 1964, vikundi vya waokoaji vya wilaya hiyo viliunganishwa katika chama kimoja. Hawa si askari wala hawalipwi mshahara. Ni watu wenye kazi zao za kila siku, na simu ikilia usiku wa manane huamka, wakachukua taa na machela, wakaenda kumtafuta mtu wasiyemjua jina.