Kutoka kwenye dungu la mjomba

Nilikuwa Ikwiriri kwa mjomba, mpunga unaiva, na maana yake ni kukesha kwenye dungu kuvizia nguruwe pori. Giza la bonde la Rufiji msilifananishe na la Dar umeme ukikatika. Nyota zimejaa utadhani kuna mtu kamwaga chumvi.

Nikamwambia mjomba kuwa huko juu kuna galaksi zenye shimo jeusi katikati linalomeza gesi, na baadhi hutema mkondo wa chembe ulioelekea kwetu, ambao mara nyingine huwaka ghafla. Akauliza, "Wewe umeuona?"

Sijauona. Jicho halitoshi, jamani. Julai 28, 2006 darubini za H.E.S.S. kule Namibia zilinasa miali ya gama kutoka galaksi iliyo na PKS 2155-304, ikipanda na kushuka ndani ya dakika chache, baada ya safari ya zaidi ya miaka bilioni moja! Usiku wa kuamkia Julai 30, setilaiti ya Chandra nayo ikatazama hapo hapo. Eksirei zikapanda na kushuka pamoja na gama, lakini mwanga wa kawaida ulibadilika kidogo tu. Mwenye darubini ya kawaida peke yake angekwenda kulala.

Mjomba akacheka. "Kama nguruwe. Ukingoja umwone kwa tochi, mpunga umekwisha. Kwanza unamsikia."

Hapo nikakumbuka donda langu. Niliwahi kupeleka habari ya Swift, setilaiti iliyorushwa 2004, inayofuatilia mimweko hii kwa eksirei, urujuanimno na mwanga wa kawaida, na kuteremsha data zake Malindi. Malindi hii hii! Mhariri (simtaji) akasema hayo ni mambo ya Wazungu. Wakati setilaiti ya kwanza kabisa ya kutafuta eksirei za angani ilirushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru. Ikaitwa Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339, galaksi za aina hii zikiwemo. Sikubisha. Nikarudi kuandika bei ya mchele.

Mjomba akauliza kitu ambacho mhariri hakuuliza: kama mwanga umetembea miaka yote hiyo, huko kwenyewe bado panawaka? Nikafungua mdomo kujibu, akaniinulia mkono ninyamaze. Kuna kitu kilikuwa kinatembea kwenye mpunga.