Faili Niliyoiacha Wazi

Maneno arobaini na moja ya Kisongola yalinipotea kati ya Alunguli na ng'ambo ya pili ya Lualaba.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa amenitajia majina ya nyavu na migono, nami nikayachapa palepale katika programu ndogo niliyoiandika kwa Python. Programu ilifungua faili mara moja, asubuhi, na sikuifunga. Nikiwa mtumbwini betri ikaisha. Nyumbani niliikuta faili ikiwa na jina lake tu, ndani hakuna hata herufi: Python huyaweka maandishi kwanza katika kumbukumbu ya muda, na huyapeleka kwenye faili yakijaa au faili ikifungwa.

Dawa yake ni neno *with*, lililoingia katika Python na toleo la 2.5, mwaka 2006. Sasa kila neno nalihifadhi hivi:

with open("maneno.txt", "a") as faili:
    faili.write(neno + "\n")

Mstari uliosogezwa ndani ni kama kishazi tegemezi. Ukiisha, faili inafungwa, hata kosa likitokea katikati. Wenzangu hufasiri *with* kuwa "pamoja na". Mimi naisoma "ukiwa na", maana -ki- ile inabeba muda wenye mwisho.

Nilirudi kwa mzee. "Mwanangu, siku ile ulikuwa unaandika nini?" Alinitajia tena thelathini na sita. Matano hakuyakumbuka, wala mimi.