Ukienda Mombasa na dawa ya damu mkobani

MSOMAJI, kutoka Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480 za lami. Kwa wengi wetu hizo ni saa nyingi za kusinzia, kutafuna njugu na kuitazama mibuyu ikipita dirishani. Lakini kwa mtu aliyewahi kupata donge la damu, na anayemeza dawa kila jioni ili damu isigande tena, barabara hii ina mambo yake. Wengi wa hali hiyo huambiwa na jamaa zao wakae nyumbani. Kwa maoni yangu, huko ni kuwafunga bure.

Nilisafiri njia hiyo pamoja na shangazi yangu. Donge lilimshika kwenye kigimbi cha mguu, kipande chake kikapanda hadi mapafuni, akanusurika chupuchupu. Tangu hapo humeza warfarini. Kwa miaka mitatu alikuwa hajamwona mjukuu wake aliyezaliwa Kisauni, kwa kuihofia safari.

Siku chache kabla ya kuondoka tulipitia kliniki. Alipimwa damu kwa kipimo kiitwacho INR, ambacho huonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Kwa asiyetumia dawa hiyo huwa karibu 1. Kwa wagonjwa kama shangazi hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3. Kikiwa chini, damu huweza kuganda tena. Kikipanda mno, mtu huweza kuvuja damu hata ndani kwa ndani. Kijitabu chenye tarakimu hizo pamoja na tembe zake tulivitia katika mkoba wa mkononi, wala si katika sanduku la chini ya basi.

Chagua kiti kilicho kando ya njia. Wasafiri wetu wana desturi ya kutokunywa maji ili wasisumbuliwe na haja, kisha hukaa kitako hadi mwisho wa safari huku damu ya miguuni ikitembea polepole. Shangazi alikunywa maji yake. Tangu Emali alikuwa akikunja na kukunjua vifundo vya miguu. Mtito Andei, karibu nusu ya safari, aliteremka akatembea hadi dereva alipopiga honi. Ukipenda, panda treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, kwani humo unaweza kuinuka na kutembea.

Saa kumi na mbili jioni ilitukuta Mariakani. Shangazi akatoa tembe yake. Jirani yetu akashtuka: "Mama, hiyo si dawa ya panya?"

Hakukosea sana. Huko Wisconsin, Marekani, wanasayansi walichunguza kwa nini ng'ombe waliokula majani makavu yaliyooza walivuja damu hadi kufa. Uchunguzi huo ndio uliozaa warfarini, ambayo mwaka wa 1948 ilianza kuuzwa kuwa sumu ya panya. Mwaka wa 1954 ikaidhinishwa kutibu binadamu. Tofauti iko katika kiasi kinachomezwa na kupimwa mara kwa mara. Siku hizi kuna dawa mpya, kama vile rivaroksabani na apiksabani, zisizohitaji kipimo cha INR; hata hivyo, nazo hazitaki kusahauliwa hata siku moja.

Kumbe mtihani wenyewe ulikuwa Mombasa, mezani. Warfarini hushindana na vitamini K, iliyo tele katika mboga za majani. Nairobi shangazi hula sukuma wiki karibu kila siku, na dawa yake imepimwa kulingana na sukuma hiyo. Akila biriani na samaki wa kupaka wiki nzima bila jani hata moja, dawa humzidia nguvu. Akirundikiwa mchicha wa nazi na kisamvu mchana na usiku, dawa hulemewa. Hivyo binti yake alimwekea mboga kidogo kila siku, kiasi kile kile alichozoea.

Siku ya tatu tumbo lilimwenda mbio. Kwenye duka la dawa, muuzaji alikwisha kushika metronidazo. Alipoonyeshwa kijitabu aliirudisha rafuni mara moja, kwa kuwa dawa hiyo huipandisha INR, akampa chumvi ya kuchanganya na maji. Jihadhari pia na aspirini, ibuprofeni, diklofenaki, sindano za msuli na dawa za miti shamba. Waulize wataalamu kwanza. Na ukipata homa Pwani usikimbilie kumeza ovyo, kwani Mombasa imewahi kukumbwa na dengi, ambayo yenyewe huweza kumvujisha mtu damu.

Tulizunguka kwa tuktuk badala ya bodaboda. Ukitumia dawa hii, kugonga kichwa si jambo la kusema "pole" na kuendelea: nenda hospitali hata kama huna jeraha. Vivyo hivyo ukiona mkojo mwekundu au choo cheusi kama lami.

Shangazi aliiona Fort Jesus, akakaa Mama Ngina na mjukuu wake hadi jioni wakila mihogo ya kukaanga. Tuliporudi Nairobi, kipimo chake kilikuwa 2.7.

Basi, ikiwa unaye mzazi nyumbani anayemeza dawa kama hii, usimfungie mlango kwa kisingizio cha kumpenda. Mpeleke akapimwe, umkatie tikiti, na kabla hajapanda umwulize: kijitabu kiko wapi?