Ugonjwa Unaojificha

Injini inayomisi wakati wote haimsumbui fundi. Inayomisi leo, kesho ikanguruma sawasawa, ndiyo inayokula fedha za mtu. Peugeot 504 yetu ilikuwa ya namna hiyo: asubuhi za mvua, tukipanda mlima, ilitetema na kukosa nguvu; tukifika gereji jua limewaka, imetulia kana kwamba haijapata kuugua. Nami kila Jumanne nilikuwa nampeleka mama kliniki, na mgonjwa wa moyo si wa kukalishwa kando ya barabara.

Mafundi wawili walibadilisha plagi na kusafisha kabureta, wakalipwa. Wa tatu, mzee asiye na haraka, aliuliza swali moja tu: "Mwanangu, humisi wakati gani?" Nilipomweleza habari ya mvua, akaniambia nirudi usiku. Tulizima taa zote, injini ikiunguruma, akanyunyizia maji kidogo waya za plagi na kifuniko cha distribyuta. Hapo tukaona cheche za buluu zikikimbia juu ya kifuniko. (Asijaribu mtu kugusa, umeme ule ni wa maelfu ya volti.) Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ukishika unyevu, umeme hupita humo kwa urahisi kuliko kuruka kwenye plagi. Jua likiukausha, ugonjwa hutoweka.

Kifuniko kipya hakikufikia gharama ya matengenezo yale mawili. Jumanne iliyofuata mvua ilinyesha tangu alfajiri, na mama alisinzia mpaka mlangoni mwa hospitali.