Masinia ya Bibi na Haki ya Jirani

Sisi wajukuu, wakazi wa Kirumba jijini Mwanza, tumerithi kwa bibi yetu masinia manane ya enameli, mabakuli yenye maua mekundu, birika la kunawia na mabuli mawili ya chai. Ni vyombo vya miaka ya 1950 na 1960. Chini ya baadhi yavyo bado husomeka jina la Hong Kong, na chini ya vingine Czechoslovakia. Bibi alivinunua kimoja kimoja, akavitia kila kimoja alama ya rangi kwa chini, ili kikiazimwa kitambulike na kurudi. Mtaa mzima ulivijua: pakiwa na walima, akika au khitma, masinia yalitangulia kabla ya mchele.

Bibi aliporejea kwa Mola wake, baadhi yetu walitaka vyombo viwekwe kabatini. Wengine, viuzwe kwa wanaotafuta vitu vya kale vya kupambia hoteli. Hoja yao haikuwa dhaifu. Enameli ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma. Chombo kikidondoka, kioo hubanduka, na kutu huanzia hapo. Kila kuazimisha ni kukipunguzia umri.

Tulirejea Sura ya 107, Al-Maun, ambayo mwisho wake huwalaumu wanaozuia msaada mdogo. Ibn Masoud (r.a.) alifasiri kuwa ni vitu ambavyo watu huazimana, kama chungu, ndoo na shoka. Tukaona sinia halikosi kuwa miongoni mwavyo.

Tuliona pia kinachochukua nafasi yake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, lakini sahani za kutupwa zingali mashughulini, na mvua huzisukuma mitaroni kuelekea ziwani. Kila mgeni hula peke yake, ilhali sinia moja liliwakutanisha watu watano, tajiri na kibarua, mikono yao ikikutana katika pilau.

Basi tunaazimisha, na tunaandika daftarini. Sinia lililobanduka ndani halipakuliwi tena chakula. Twalitumia kuchagulia mchele. Jingine lilikwenda msibani halijarudi, nasi hatukuwaendea wafiwa kulidai. Yamebaki sita ya kupakulia. Msomaji mwenye vyombo vya wazee wake na avikague leo, avitie alama, kisha amjulishe jirani kwamba vipo.