Ini la Mjomba

Likizo ya mwaka jana nilimkuta mjomba amelala mkekani barazani kwake, pembeni mwa mji wa Mpanda. Macho yalikuwa ya njano na tumbo limejaa maji. Hospitalini walisema ni homa ya ini B ya miaka mingi, ini limeshajaa makovu. Majirani walikuwa na maelezo yao, na kwetu Katavi maelezo hayo hayahitaji kutajwa.

Nikitaka kumtia moyo, nikamsomea habari kwenye simu. Mwaka 2021 NASA, shirika la Marekani la safari za anga, lilitangaza washindi wa shindano la kutengeneza nyama hai yenye njia za kupitishia damu. Timu mbili za Wake Forest, North Carolina, zilitengeneza vipande vya ini kwa seli za binadamu, vyenye unene wa sentimita 1, vikaishi maabara siku 30.

"Na ugumu wake ni nini?" akauliza.

Nikamweleza kwamba seli ikiwa mbali na mshipa, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, hufa kwa kukosa oksijeni na chakula.

"Kama jaruba ambalo maji hayafiki katikati."

Alikuwa mkulima wa mpunga. Alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Wale watafiti walichapa kwa mashine umbo la jeli lenye vijia vidogo vidogo, wakapitisha humo maji yenye virutubisho. Kabla yao, mwaka 2013, Takanori Takebe na wenzake huko Yokohama, Japani, walichanganya seli za aina tatu, zikajikusanya zenyewe kuwa vichipukizi vya ini. Walipovipandikiza kwa panya, mishipa iliungana na ya panya ndani ya saa 48.

"Sasa mjomba, hilo ini linafika Mpanda lini?"

Nilizima simu. Ini la mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu, nami nilikuwa nimemletea kipande cha sentimita moja. Alifariki Septemba.

Darasani tulikuwa tukimsoma Aristotle, anayesema mkono uliokatwa ni mkono kwa jina tu. Niliandika insha nikiuliza kama ini la maabara ni ini. Nikaeleza pia kwamba Dignitas Personae ya 2008 inakubali seli shina zinazotolewa bila kumdhuru mwenyewe, na inakataa zile zinazopatikana kwa kuangamiza kiinitete. Nilipata alama nzuri. Kusema kweli nilijificha ndani ya insha ile. Swali la mjomba halikuwa la Aristotle.

Watoto wachanga nchini walianza kuchanjwa dhidi ya ugonjwa huu mwaka 2002. Mimi nilizaliwa kabla, na binamu zangu wakubwa pia. Baada ya arobaini tulikwenda kupima pamoja. Mimi sina virusi, nikaanza chanjo. Binamu yangu mmoja, tuliyelingana umri, amekutwa navyo. Haumwi popote, ndiyo maana ameshakosa kliniki mara mbili.

Jumapili iliyopita alinipigia. "Frateri, ile habari ya Marekani uliyomsomea baba, bado unayo?"

Nikamwambia ninayo, na nitamsomea tukiwa kwenye foleni ya kliniki.