Paukwa Bila Pakawa

Kila jamii ina desturi yake ya kuamsha kisa. Kwetu mtambaji hutamka "Paukwa!", nayo hadhira huitika "Pakawa!" Asipoitikiwa, hadithi haianzi, ijapokuwa yote anayo kichwani.

Kompyuta nayo ina paukwa yake. Zile za zamani kidogo, ziwashwapo, husoma kwanza kipande kidogo mno mwanzoni mwa diski: baiti 512, na kati ya hizo 446 pekee ndizo za maagizo. Kipande hicho huita programu kubwa zaidi, nayo huuamsha mfumo endeshi. Kiingereza kimeipa kazi hiyo jina lililotokana na kitanzi cha kuvutia buti, kana kwamba mtu aweza kujiinua kwa kuvuta viatu vyake mwenyewe. Mimi programu hiyo naiita kiamshi, kwa kanuni ileile iliyotupa kivumishi kutokana na vumisha, na kiunganishi kutokana na unganisha.

Neno hilo nililihitaji mwaka jana, aliponijia mjane wa mwalimu mwenzangu akiwa na kompyuta mpakato ya marehemu. Ndani yake mlikuwa na diwani ya mashairi 63 ambayo mwenzangu aliichapa mwenyewe. Madaftari ya awali yalikwisha kuliwa na mchwa. Fundi mmoja wa mjini alikuwa amefuta chumba kimoja kitupu cha diski ili kuongeza nafasi. Tangu hapo kioo kilibaki cheusi, kikiwa na mstari mmoja uliosema kuwa chumba kinachotafutwa hakipo, na chini yake maneno "grub rescue".

"Shemeji, fundi anasema dawa ni kufuta yote na kuanza upya."

"Usikubali, shemeji. Ujumbe huu hausemi kwamba mashairi yamepotea."

Kwa miaka zaidi ya 30 nilifundisha ufahamu kwa kanuni moja: soma kilichoandikwa, si unachokihofia. Hapa kilichoandikwa ni kwamba chumba hakikupatikana, si kwamba kimeteketea. Katika diski za mtindo huo, vyumba vya ndani huhesabiwa kwa mfululizo kuanzia 5. Kikifutwa cha 5, kilichokuwa cha 6 hurithi nambari hiyo. Kiamshi cha Linux, kiitwacho GRUB, hakikuarifiwa. Kiliendelea kupiga hodi nambari 6, mahali pasipokuwa na nyumba.

Katika hali hiyo ya dharura GRUB huelewa amri chache tu. Niliandika ls, ikaorodhesha vyumba. Nikakagua kimoja baada ya kingine, hadi (hd0,msdos5) kiliponionyesha folda za Linux. Ndipo nikaandika:

set root=(hd0,msdos5)
set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub
insmod normal
normal

Orodha ikajitokeza, Linux ikaamka. Jambo la kwanza lilikuwa kunakili diwani kwenye flashi mbili, kwani tiba hiyo ni ya safari moja: mashine ikizimwa, kosa hurejea. Baada ya hapo nikatoa amri sudo grub-install /dev/sda, kisha sudo update-grub, ili anwani mpya iandikwe mahali pake.

Shemeji aliniomba nimsomee shairi la mwisho. Lilikuwa na beti nne zenye vina na mizani kamili, ila mshororo wa mwisho wa ubeti wa nne haukuandikwa. Alinitazama, akitaraji niukamilishe. Vina nilivijua, na maneno ya kuvijaza hayakunikosa. Nikamwomba tuuache wazi. Diwani itakapopigwa chapa, nafasi hiyo itabaki nyeupe, na msomaji ataitika mwenyewe.

Ama kuhusu neno kiamshi, liko mezani kwenu, malenga. Mwenye neno jema zaidi na alitoe. Mradi lisitulazimu kuvuta buti tusizozivaa.